Kupiga picha za harusi ukiwa na ajira yako: maelekezo ya mwalimu wa fizikia

Nafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne, Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi napiga picha za harusi hapa Dar es Salaam, na likizo ya Desemba napanda basi kwenda Moshi, maana Wachaga wakirudi kwao Krismasi ndipo wanapooana. Shuleni naitwa Madam. Ukumbini ma-MC wananiita Mwalimu, na mama wa bi harusi ataniita mwanangu hata kama amenipita miaka mitano tu.

Watu wanaonifuata wakitaka kuanza kazi hii karibu wote wana ajira: nesi, karani wa benki, mwalimu mwenzangu wa Jiografia. Wote wanaanza na swali la kamera gani wanunue. Mimi nawaambia wasinunue chochote kwanza. Picha nyingi mbaya za harusi nilizoziona zilipigwa kwa kamera nzuri, ila mwenye kamera alikuwa amesimama pabaya. Kwenye harusi mambo makubwa yanatokea mara moja tu, kila moja kwa sekunde chache, na kila moja lina upande wake wa kuonekana. Ukijua kinachofuata ukawa umeshafika pale kabla yake, hata lenzi ya bei ndogo itakutosha. Usipojua, utapiga visogo.

Anza kwa kubeba mkoba

Tafuta mpiga picha anayefanya kazi kila wiki, umwombe umsaidie kwa nauli na chakula tu. Utashika flashi, utabeba betri, utawapanga mashangazi. Najua umeshahudhuria harusi nyingi, lakini uliziona ukiwa umekaa kitini, sahani mkononi. Sasa simama pembeni uangalie watu wanavyotembea: mlango upi unafunguliwa, nani anamnong'oneza MC, wapishi wanapitia wapi. Chukua daftari, andika saa iliyo kwenye ratiba, halafu andika saa jambo lenyewe lilipofanyika. Kadi ikisema saa 12 jioni, wageni wanaanza kujaa saa 1 na nusu na maharusi wanaingia saa 2, wakati mwingine saa 3 usiku. Betri, memori kadi na miguu yako vipangie saa halisi.

Hapo pia utajua kama mwili wako unaiweza. Siku inaanza saluni saa 3 asubuhi na kuisha saa 6 usiku. Jumapili ni ya kuhamisha picha na kulala, na Jumatatu saa 1 asubuhi mimi nimeshafika mstarini na wanafunzi. Mwenye watoto wadogo asiye na wa kumwachia Jumamosi kazi hii itamuumiza, na ni heri alijue hilo kabla hajakopa kwenye kikoba hela ya kamera.

Pa kusimama

Tuanze kanisani. Nenda siku ya mazoezi, mara nyingi Alhamisi au Ijumaa jioni, ukamwone paroko au mchungaji mwenyewe. Usitume salamu kupitia kwa bwana harusi. Muulize mpaka wako ni wapi, flashi inaruhusiwa lini, na kama unaweza kupita upande wa altare wakati wa pete. Hilo la mwisho lina sababu yake. Kwa kawaida bi harusi anasimama kushoto kwa bwana harusi, wote wameielekea altare. Wakigeukiana, mkono wa kushoto wa bi harusi unabaki upande wa altare, na mkono wa kushoto wa bwana harusi unabaki upande wa waumini. Chora kwenye karatasi uone. Kwa hiyo pete ya bi harusi, ambayo ndiyo picha mama yake atakayoitundika sebuleni, haionekani vizuri kutoka kwenye mabenchi. Ukiruhusiwa, pita pembeni hadi karibu na kwaya uipate kutoka huko, kisha rudi haraka kwa ajili ya pete ya bwana harusi. Ukikataliwa, ongea na maharusi palepale kwenye mazoezi: pete ikishaingia, wainue mikono yao iliyoshikana hadi usawa wa kifua na wabaki hivyo kidogo. Padri hatakasirika na wewe utapata picha yako.

Wakati wa mageuzo, padri anapoinua hostia na kikombe, shusha kamera, uwe Mkatoliki usiwe Mkatoliki. Watu wanaona.

Baada ya viapo kuna kutia sahihi vyeti. Wapiga picha wengi hutumia muda huo kubadilisha betri. Mimi betri nabadilisha wakati wa mahubiri, kwa sababu hapo kwenye vyeti ndipo nyuso zinapolegea. Bwana harusi anapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, msimamizi anatafuta kalamu, bi harusi anasita kidogo kabla ya kuandika jina lake. Hakuna anayeikumbuka kamera.

Ndoa ya Kiislamu ina mpangilio mwingine, na mtu mmoja hawezi kuimaliza. Akdi inafungwa msikitini au nyumbani upande wa wanaume: bwana harusi na walii wa bi harusi wameshikana mikono, shehe anawaelekeza maneno, mashahidi wako karibu. Muda wote huo bi harusi yuko chumbani na kina mama. Mimi humtuma msaidizi wangu wa kiume kwenye akdi, nami nabaki ndani. Anajua cha kufanya: magoti mkekani, lenzi usawa wa ile mikono miwili, uso wa bwana harusi nyuma yake. Huku ndani habari inaingia kwa simu kwamba ndoa imeshafungwa, vigelegele vinapasuka kabla simu haijakatwa, na uso wa bi harusi dakika ile ndio ulioniweka chumbani asubuhi yote.

Kisha bwana harusi anakuja kumpa mkono mkewe, anaweka kiganja juu ya paji la uso wake na kumsomea dua. Chumba kimejaa, feni linazunguka, kila shangazi ameinua simu. Ingia kabla yao. Mgongo wako uwe upande wa dirisha, ili mwanga uwaangukie wao. Na hapa mdomo una kazi kuliko lenzi. "Shikamooni mama zangu, naombeni kanafasi kadogo" inafungua njia ambayo kiwiko hakiifungui.

Ukumbini, mtu wako ni MC. Mfuate kabla wageni hawajaanza kuingia, piga picha ya ratiba yake kwa simu, mkubaliane ishara. Ishara yangu ni mkono kichwani: akiniona nimeshika kichwa, anajua sijawa tayari, anatupia utani mmoja zaidi. Shampeni ndiyo inayoihitaji zaidi, maana povu halirudi chupani. Mpiga video naye uongee naye mapema, mgawane upande wa kushoto na wa kulia, vinginevyo mtazibana usiku kucha na kila picha yako itakuwa na kifaa chake ndani.

Kwenye keki usihangaike sana na kisu. Kisu kikigusa keki wote wawili wanaangalia chini, utapata paji la uso na maua. Subiri kulishana. Kwenye kutambulisha ndugu piga haraka, familia nzima kwa pamoja ikisimama, halafu mzee mmojammoja anayepunga mkono. Zawadi ni ndefu na inachosha, ila usikae chini, kwa sababu bibi aliyesafiri kutoka Singida na khanga mbili atapita katikati ya wale wanaoleta majokofu, na wajukuu wake watakuuliza picha yake.

Ndafu ina kanuni yake. Mbuzi mzima aliyebanikwa anaingia amebebwa, majani mdomoni, wapishi wanacheza naye. Wapige wakija, wewe ukiwa umechuchumaa. Ukishapata mbili tatu nzuri, waache, kimbilia meza kuu, maana maharusi watakata vipande na kuwapelekea wazazi. Kwenye harusi ya Kichaga mzazi akilishwa ndafu na wewe hukuwepo, hakuna maelezo yatakayomridhisha yule mzee.

Msafara nitausema kwa kifupi. Matarumbeta yakiwa nyuma ya pikapu yanaita picha, lakini usitoe mwili nje ya dirisha kuyapiga. Tangulia na bodaboda, shuka mahali penye kona, wasubiri. Ukiwa na wazo la droni, kumbuka ina vibali vyake, na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, hawaulizi kama ilikuwa harusi.

Orodha ya shangazi

Picha za familia ndizo zinazopigiwa kelele kidogo kabla ya harusi na nyingi baada yake. Wiki moja kabla, mwombe bi harusi akuteulie shangazi au mama mdogo mmoja mwenye sauti, anayewajua ndugu wa pande zote. Huyo ndiye atakayeita: upande wa baba, upande wa mama, wajomba, binamu, wafanyakazi wenza. Wewe huwezi kujua kwamba baba mkubwa na baba mdogo hawasemezani tangu walipogawana shamba. Yeye anajua, na atawaweka ncha mbili za mstari bila kusema neno. Anza na wazee, ili wakakae. Watoto wawe mwisho, kwa sababu hawasimami hata hivyo.

Kuhusu mikao nina maoni ambayo vijana hawayapendi. Mikao ya kwenye mitandao inafanana, na nusu yake inamfanya mtu mzima aonekane kama aliyeumwa mgongo. Tafuta picha za N. V. Parekh, aliyekuwa na studio Mombasa, uone jinsi watu wa miaka ya 1960 walivyokaa mbele ya kamera yake: mabega yamelegea, mikono ina kazi ya kufanya, kidevu kimeinuka kiasi. Mpe bwana harusi kitu cha kushika. Mwambie bi harusi ahamishie uzito kwenye mguu wa nyuma. Inatosha.

Mwanga, ambao ndio fizikia yenyewe

Mwanga wa flashi unapungua kwa mraba wa umbali. Aliye mita 4 kutoka kwenye flashi anapata robo ya mwanga anaoupata aliye mita 2. Ndiyo maana katika picha nyingi za ukumbini bi harusi anawaka na nyuma yake pana giza totoro, mapambo ya mamilioni yamepotea. Dawa yake ni kuuruhusu mwanga wa ukumbi wenyewe uingie kwenye kamera: ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600 hadi 3200, apecha (tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) 2.8 au pungufu ya hapo, shata (muda inaobaki wazi) 1/100 ya sekunde, halafu flashi iongeze kidogo tu usoni.

Ukiielekeza flashi juu ya dari, mwanga unarudi laini na mzuri, kama dari ni nyeupe na iko chini. Kumbi zetu nyingi haziko hivyo. Mpambaji amefunika dari kwa kitambaa cha zambarau, mwanga wako utarudi wa zambarau na bi harusi atafanana na mgonjwa. Au ni paa refu la bati, mwanga unapanda haurudi. Kwenye kumbi hizo natumia flashi mbili kwenye stendi, pembe mbili za uwanja wa kuchezea, juu ya vichwa vya watu, zikiwashwa kwa redio kutoka kwenye kamera. Stendi ifunge kwenye nguzo au iwekee kiroba cha mchanga miguuni. Watoto watakimbia, na baada ya saa 4 usiku watu wazima pia.

Jambo linalowashangaza wengi ni mistari myeusi inayokata picha ukumbini. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za kawaida zinapungua na kuongezeka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila shata ya 1/500 inakamata kipande tu cha mzunguko huo. Ukitumia 1/100 unapata mzunguko mmoja kamili, 1/50 miwili. Kamera za kisasa zisizo na kioo zina shata ya kielektroniki isiyotoa sauti, ambayo kanisani inapendeza, lakini chini ya taa za namna hii ndiyo inayoleta mistari mibaya zaidi. Irudishe kwenye shata ya kawaida. Skrini kubwa iliyo nyuma ya meza kuu ina tabia yake nyingine, hiyo ijaribu mapema kabla watu hawajaja.

Sasa rangi za watu. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kinadhani dunia nzima ni kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera inaogopa, inapunguza mwanga, na uso mweusi unazama. Ukiwageukia wapambe wa kiume wenye suti nyeusi, kamera inazidisha na mashati yao yanaungua. Kwa hiyo usiiachie iamue. Weka mwenyewe, jaribu picha moja, kuza kwenye skrini uangalie vitu viwili: nakshi za gauni zinaonekana? Macho yana uhai? Ukipata vyote viwili usiguse tena mpaka mwanga ubadilike. Na piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata. Faili ni kubwa, ila gauni lililoanza kupauka unaweza kulirudisha kidogo, na kwenye JPEG, faili ya kawaida iliyobanwa, hulirudishi.

Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga mpana unaotoka ubavuni, si kwa mwanga mwingi. Dirisha lenye pazia jepesi, mlango ulio wazi, kivuli cha mwembe kilichoelekea uwanja mweupe wa mchanga. Flashi ya mbele inapiga kwenye jasho na kuacha madoa meupe puani na kwenye paji. Beba tishu, mpe msimamizi kazi ya kufuta. Zipo pia poda zinazoakisi flashi, ambazo kwenye kioo cha saluni hazina tatizo lolote na kwenye picha zinaufanya uso uwe mweupe kuliko shingo. Piga picha moja ya flashi hukohuko saluni, umwonyeshe mpambaji kwa upole, bado muda upo wa kurekebisha.

Nje ya ukumbi, jua la Dar halina subira. Mwaka mzima linazama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 1 kasoro dakika kumi, na kwa sababu tuko karibu na ikweta linashuka karibu wima, mwanga wa dhahabu hauchelewi. Ukitaka picha za ufukweni panga kufika saa 11 jioni, uwe umemaliza magharibi ikikaribia. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri usimsimamishe mtu juani, macho yatakuwa mashimo. Na uliza kwanza kama eneo lina malipo. Bustani na hoteli nyingi zinatoza, na hiyo si hela ya kutoka mfukoni mwako.

Vifaa

Kamera mbili, hata kama zote ni za mkononi, kuliko moja mpya. Iwe na nafasi mbili za kadi. Lenzi ya 35mm na ya 85mm zenye f/1.8 zitakupeleka mbali, au 24-70mm f/2.8 ukiwa na hela. Ukinunua iliyotumika, mulika tochi ya simu kupitia lenzi utazame ndani: nyuzinyuzi zinazofanana na utando ni fangasi, achana nayo. Pwani unyevu ni adui. Mimi lenzi zangu nazifungia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko mkali na vifuko vya kukaushia unyevu. Ukitoka kwenye chumba cha hoteli chenye kiyoyozi kwenda nje, acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa kama nusu saa, la sivyo lenzi itafanya ukungu wakati bi harusi ndio anashuka kwenye gari.

Shughuli za wanawake peke yao

Hapa ndipo mwanamke mwenye kamera ana kazi ambayo wanaume hawawezi kuichukua. Singo (kumsugua bi harusi kwa manukato), hina, kicheni pati, usiku wa bi harusi kutolewa nje kwa watu wa pwani: humo mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, mama watu wazima wanacheza watakavyo. Baadhi ya familia zinakusanya simu mlangoni. Wewe umeruhusiwa kubaki na kamera, na uelewe uzito wake.

Utaratibu wangu naueleza kwa mama wa bi harusi ana kwa ana kabla ya kupokea shilingi. Msaidizi ni mwanamke. Wi-fi ya kamera imezimwa. Picha hazipandi kwenye hifadhi yoyote ya mtandaoni, nazihariri mwenyewe nyumbani, kwenye kompyuta ambayo wanangu hawana nywila yake. Za kuchapishwa nampelekea mtu wa maabara ninayemjua, mwanamke, na nakaa palepale mpaka zitoke. Nakabidhi flashi diski mkononi kwa mama au kwa dada aliyetajwa, siyo kwa kaka aliyetumwa. Baada ya wao kuthibitisha kuwa zinafunguka, nafuta zangu, na tarehe ya kufuta imeandikwa kwenye mkataba. Hakuna hata moja inayoenda kwenye ukurasa wangu, hata ya mkono wenye hina, mpaka mwenye mkono aseme. Tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ruhusa ya maandishi imekuwa zaidi ya adabu, kwa harusi zote.

Kazi hizi hazitangazwi popote. Mama mmoja anamwambia mwenzake kwenye ubani, na simu inalia.

Bei, na kamati

Chukua mfano wa kazi ya 800,000. Toa msaidizi 100,000, usafiri 50,000, albamu 200,000, bando na umeme 20,000, akiba ya kubadilisha vifaa 100,000. Imebaki 330,000. Sasa hesabu saa: kumi na tano za siku yenyewe, mbili za vikao na mazoezi, kumi na sita za kuchagua na kuhariri. Ni saa 33, kwa hiyo 10,000 kwa saa. Kama masomo ya ziada nyumbani yanakulipa zaidi ya hapo, ama upandishe bei ama ubaki na masomo ya ziada. Wanaoanza huisahau ile akiba ya vifaa, na shata ikifa wanarudi kwenye kikoba.

Mara nyingi anayekulipa si maharusi bali kamati, na kamati ina mweka hazina anayesubiri ahadi za watu. Nusu ilipwe siku ya kusaini, ndipo tarehe inafungwa. Nusu iliyobaki iingie kabla ya siku ya harusi. Usikubali "tutamalizana baada ya shughuli". Baada ya shughuli kuna kuvunja kamati, watu wanakula hela iliyobaki kwa nyama choma, na wakishaivunja hakuna tena mtu wa kumdai. Mkataba wangu ni kurasa mbili kwa Kiswahili: saa ya kuanza na kuisha, bei ya kila saa inayozidi, idadi ya picha zitakazohaririwa, tarehe ya kukabidhi, nini kinatokea harusi ikiahirishwa, na sahani mbili za chakula kwa mpiga picha na msaidizi. Hilo la chakula wanacheka wakilisoma. Saa 5 usiku hatucheki.

Kata TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara na leseni ya halmashauri mapema. Kazi za hoteli na mashirika zitadai risiti. Mwajiri wako naye ajue. Mkuu wangu wa shule anajua, na wiki za mitihani ya taifa mwezi Novemba sichukui kazi hata ya binamu. Mwezi wa Ramadhani na Kwaresima harusi zinapungua sana, na hapo ndipo mshahara unapokuwa na maana: sishushi bei kwa njaa. Kwa sababu hiyo sijaacha kufundisha, wala sikushauri uache.

Ukifika nyumbani usiku

Usilale kabla ya kuhamisha. Kadi zote mbili, kwenda kwenye diski mbili, na diski moja ikakae nyumba nyingine, kwangu ni kwa dada yangu Kigamboni. Kadi usizifute mpaka kazi ikabidhiwe. Kadi ni rahisi kuliko kesi.

Kesho yake chagua picha kumi tu, zihariri kidogo, uzitume mchana, kabla picha za simu za wageni hazijamaliza kazi kwenye magrupu. Zitume kama dokyumenti. Ukizituma kama picha za kawaida WhatsApp inazibana, na watu watadhani ndivyo ulivyopiga.

Kuchagua kunachukua muda kuliko kuhariri. Kwenye picha 2,000 naondoa 500 hivi: waliofumba macho, waliotafuna, zinazojirudia. Mama yeyote aliyekuja kutoka mbali asikosekane. Kuhariri ni mwanga, rangi na kunyoosha. Chunusi ya siku ile naifuta, kovu na alama ya kuzaliwa naziacha. Ngozi siing'arishi. Mara kwa mara bwana harusi ananipigia: "Madam, si umpaushe kidogo?" Namuuliza kama bi harusi mwenyewe yuko karibu aongee na mimi, na mazungumzo yanaishia hapo.

Albamu ikabidhi kwa mikono, nyumbani kwao au kwa wazazi, ndani ya tarehe uliyoandika. Kaa wakati wanaifungua. Sikiliza wanasimama ukurasa gani na wanapita upi bila kusema, halafu ukifika kwenye daladala uandike kwenye lile daftari la ratiba.